Wazo likiingia bila kuitwa mnafanya nini nalo? Naomba msaada wapendwa

Dada_Zimma aliuliza:

Bwana asifiwe wapendwa. Nina swali kuhusu kulinda akili na ningeomba mtu anijibu na kitu anafanya kweli siku ya kawaida, Jumanne hivi, akiwa amechoka. Manake Mithali 4:23 nimehubiriwa mara nyingi na naikubali kabisa, linda moyo wako kuliko yote uyalindayo, lakini hakuna mahali nimewahi elezwa hiyo kulinda inafanywaje ukiwa umesimama stejini na watu wanakusukuma.

Mimi naishi Zimmerman, kazi iko Industrial Area, nashughulika na vitabu vya stoo. Nimeokoka na nampenda Mungu. Lakini nikipiga magoti tu mawazo yanakuja moja juu ya ingine, maneno mkubwa wangu aliniambia mbele ya watu, mtu tulisoma naye ameposti ploti yake Kitengela, picha chafu niliona kwa skrini ya matatu, na kuna ingine inanitisha zaidi, maneno ya kumtusi Mungu, yanaingia katikati ya maombi na siwezi hata yaandika hapa. Nayachukia. Nikiyakemea yanaongezeka, basi naanza maombi upya kutoka mwanzo ndio niombe vizuri, yanarudi, naanza tena, mpaka nalala bila kumaliza. Alafu saa tisa usiku naamka, usingizi umeisha, nachukua simu naangalia video fupi fupi mpaka kuche.

Nimefunga, nimeenda kesha, inatulia siku kidogo alafu inarudi. Sasa najiuliza, wazo ambalo sikuliita ni dhambi tayari? Na kama si dhambi mbona najiskia mchafu hivi? Tafadhali msinijibu na "omba tu".

Konda_wa_Neema:

Dada, mimi ni konda njia ya Thika Road, hiyo skrini unasema iko hata kwa gari nafanyia. Gari si yangu, na mwenyewe anataka mziki juu manake vijana huchagua gari na mziki, kwa hivyo ule ushauri wa "zima kila kitu kichafu" mimi siwezi ufuata kuanzia saa kumi na moja asubuhi mpaka usiku. Wenye wanaweza kuzima wazime, ni vizuri, lakini kuna watu kazi yao iko ndani ya kelele na Mungu anawajua.

Yenye imenisaidia ni kujaza. Bwana Yesu ako na ile stori ya Mathayo 12, pepo mchafu anatoka kwa mtu, anazunguka, anarudi anakuta nyumba imefagiwa na imepambwa na iko tupu, anaenda kuita wengine saba wabaya kumliko. Nyumba ilikua safi, hiyo ndio huniuma nikisoma. Usafi ulikuwepo. Mtu ndio hakuwepo ndani. Na naona wengi wetu tunafagia sana, tunafunga, tunalia kesha yote, tunatoka asubuhi tukiwa wasafi na watupu, na kufika Githurai tayari kuna mtu ameingia.

Mimi huandika mstari mmoja kwa karatasi, naweka kwa mfuko wa shati pale noti zinakaa, wiki nzima ni huo huo. Kila nikitoa chenji nausema moyoni. Gari ikikwama Pangani nausema. Sisomi sura tano asubuhi alafu nisahau zote, nilijua haraka hiyo haifiki jioni. Na ukiangalia jangwani, shetani alimjia Yesu mara tatu na mara tatu akajibiwa "imeandikwa", na majibu yote yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Alikua na njaa ya siku 40 na hakukua na kitabu mkononi. Ilikua ndani tayari.

Anza na Zaburi 119:11, "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi." Ni fupi, utaushika kabla ufike Roysambu.

Mlinzi_wa_Lango:

Dada hayo matusi kwa Mungu hayatoki kwako, hiyo ni roho na usikae nayo. Waefeso 6:12, kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Mistari ni mizuri na konda ameongea vizuri, lakini mlango ukishafunguliwa mahali lazima ufungwe kwa mamlaka. Jiulize ulitazama nini, ulienda wapi, ulikula kwa nani, alafu tafuta watumishi wa Mungu wakuwekee mikono. Nasema hivi kwa upendo manake nimeona watu wakifunguliwa.

Nesi_Mkristo:

Namheshimu Mlinzi na mimi mwenyewe ni mtu wa maombi, huwa nawekewa mikono na naweka wengine, lakini hapa naomba nisimame kidogo kwa sababu kuna kitu dada ameandika na nimekisoma mara mbili. Kile cha kuanza maombi upya kutoka mwanzo.

Nafanya kazi kwa kliniki ya afya ya akili. Mtu anayempenda Mungu kuingiwa na maneno ya kumtusi Mungu, na yakimuumiza, ni kitu tunakiona sana, na ni kwa watu wacha Mungu ndio kinakuja zaidi. Hii aina ya mawazo hushika kile unathamini. Mama mwenye mtoto mchanga huingiwa na wazo la kumwangusha mtoto, na ndiye mama anamshika kwa makini kuliko wote. Kwa hivyo ukiambiwa utafute mlango ulifungua wapi, utatafuta usiku kucha, utapata mia, na wasiwasi utaongezeka. John Bunyan, yule mhubiri wa Uingereza wa karne ya 17, alisumbuliwa muda mrefu na neno ndani yake linamwambia muuze Kristo, muuze, muuze, alikua anajibu mpaka mwili unatingika. Na huyo ndiye alikaa jela miaka 12 kwa kukataa kuacha kuhubiri. Hakuna mtu anaweza sema hakumpenda Bwana.

Alafu kuna hii. Mwaka wa 1987 mtafiti wa Marekani anaitwa Daniel Wegner na wenzake waliambia watu wakae dakika tano bila kufikiria dubu mweupe, na akikujia upige kengele. Kengele zililia. Baadaye wakaambiwa sasa mfikirieni, na wale walikua wamekatazwa mwanzoni wakamfikiria zaidi ya wale hawakukatazwa. Ndio unapigana na tusi "toka, toka" na linanona.

Kwa hivyo dada, likiingia usilijibu, usilikemee, usilichunguze, na tafadhali usirudi mwanzo wa maombi. Endelea na neno ulikua unasema. Kama ulikua unasema "utupe leo riziki yetu", endelea na "utusamehe". Mungu alikuskia mara ya kwanza. Itakua ngumu wiki za kwanza kwa sababu utahisi umemkosea kwa kutorudia, vumilia hiyo hisia, huwa inashuka yenyewe.

Na kama haya mambo yanakula zaidi ya saa moja ya siku yako, enda uonane na daktari. Mathari, ile hospitali ya magonjwa ya akili, iko hapo hapo Thika Road, iko tangu 1910, na najua watu wanaogopa jina lake, lakini kuna kliniki ya watu wanakuja asubuhi na kurudi kwao. Kuna mazungumzo maalum ya kutibu hii kitu na kuna dawa, na zote mbili zinaenda vizuri na maombi. Eliya akiwa chini ya mretemu ameomba afe, 1 Wafalme 19, malaika hakuanza na kumuuliza imani yake iko wapi. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Safari ya Horebu ilikuja baada ya hapo.

Mlinzi_wa_Lango:

Nesi nimekuskia. Sikua nimeona hapo kwa kurudia maombi. Bado nasema awe na watu wa kumuombea, lakini ya kutafuta milango asiianze, na daktari aende.

Mwana_wa_Riruta:

Mimi ni Muorthodoksi, naabudu Riruta karibu na ile seminari yetu ya Askofu Mkuu Makarios III. Najua wengi hapa hawatujui vizuri lakini hili swali la dada ni la zamani sana kwetu, na lilijibiwa hapa Afrika, jangwa la Misri, kabla hata ya haya madhehebu yote.

Kulikua na mtawa anaitwa Evagrio wa Ponto, alikufa Misri mwaka wa 399. Alipanga mawazo kwa makundi manane, ulafi, uasherati, kupenda mali, huzuni, hasira, ule uvivu wa roho, kutaka sifa, na kiburi. Mafundisho yake mengine Kanisa liliyakataa baadaye kwa hivyo simsomi yote, lakini kwa hii ya mawazo watawa walimfuata. Na aliandika kitu ambacho ndio jibu la dada kabisa: kwamba mawazo haya yote yatusumbue au yasitusumbue, hiyo haiko mikononi mwetu, lakini yakae au yasikae, yaamshe tamaa au yasiamshe, hiyo ndio iko mikononi mwetu. Kwa hivyo kuingia si dhambi. Mababa walitofautisha kabisa wazo kubisha, na wewe kuanza kuongea nalo, na wewe kulikubali.

Na huo uvivu wa roho aliuandika vizuri mpaka unaona ofisi za Nairobi. Anasema unamjia mtawa saa za mchana, anaona jua halisongi, anatoka nje kuangalia kama saa ya kula imekaribia, anaanza kuchukia mahali ako na kazi ya mikono yake, anafikiria mahali pengine ambapo angempendeza Mungu kwa urahisi. Waliuita pepo wa adhuhuri kwa sababu ya Zaburi 91. Sasa angalia saa nane mchana mtu ako kwa dawati, ameshika simu, hakuna kitu anatafuta, anafungua anafunga anafungua. Ni hilo hilo. Na dawa waliyoiona ni kukaa. Usihame, maliza kazi iliyo mbele yako, sali kifupi, kaa.

Sala tunayotumia ni hii, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Hiyo tu. Unaisema polepole ukitembea, ukipanga foleni, ukiosha vyombo. Wazo likija hushughuliki nalo, unarudi kwa Jina. Naona inakubaliana na Nesi, kwamba usibishane nalo. Lakini kwa vile una hiyo shida ya kurudia, dada, usiihesabu, na ukiruka neno usirudi nyuma, na uwe na padri au mchungaji anajua unaisali. Hata sisi hatusali hivyo bila mtu wa kutuongoza.

Dada_Zimma:

Nimesoma zote nikiwa kwa gari na nimelia kidogo. Nesi asante, sikujua kuna mtu mwingine anaanza maombi upya, nilidhani ni mimi tu duniani, nitaenda kliniki.

Lakini kuna kitu naomba niseme ukweli. Hayo matusi nayachukia, sawa. Lakini ile ya mkubwa wangu siichukii. Nikiamka usiku narudia ile siku, napanga vile ningemjibu, namshinda mbele ya wote, na inanipa raha. Na ile ya ploti ya Kitengela, naingia kwa ukurasa wa huyo dada kwa makusudi nione ameongeza nini, alafu naanza kutafuta kasoro. Hiyo siwezi sema ni ugonjwa wala imeingia bila kuitwa. Hiyo naikaribisha kiti. Sasa hiyo inalindwaje?

Mzee_wa_Kabete:

Binti yangu, umeuliza vizuri, na hapo ndipo penye kazi.

Mimi nililelewa na ndugu wa Uamsho. Moto huo ulitoka Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, na mwaka wa 1937 ukafika kwetu Kabete. Wazazi wetu waliokoka huko. Hawakuwa na vitabu vingi juu ya mawazo, ila walikuwa na 1 Yohana 1:7, "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Walikutana kila juma, mtu anasimama anasema, ndugu, juma hili nimemwonea wivu jirani yangu kwa sababu ya ng'ombe wake, na nimeenda nikamwambia. Si mambo makubwa makubwa ya kushangaza watu. Wivu wa ng'ombe. Nikiwa mtoto nilishangaa watu wazima wanasema mambo madogo hivyo mbele ya wenzao. Siku hizi naona ndiyo yaliyowatunza, kwa sababu lile wazo la usiku, lile unalolipenda, linategemea sana kwamba hakuna anayelijua.

Hapo ndipo natofautiana kidogo na vijana wangu hapa. Karatasi mfukoni nzuri, sala fupi nzuri, lakini yote hayo mtu anaweza kuyafanya peke yake na hasira bado amekaa nayo. Tafuta dada mmoja au wawili waliokomaa, wenye kifua, mkutane kila juma, uwaambie haya uliyoandika hapa kwa jina na kwa siku. Yakobo 5:16 inasema ungamianeni, mkaombeane, mpate kuponywa. Na nisikilize sana, usiungamie grupu la WhatsApp. Ndugu wetu wengine waliumizwa kwa kusema kila kitu mbele ya kila mtu, na huo haukuwa uhuru. Wachache, unaowajua, wanaokujua.

Juu ya mkubwa wako, mwombee kwa jina. Najua ni ngumu, na usijilazimishe kuhisi kitu. Mtaje jina, umwombee afya, kazi yake, nyumba yake. Akija usiku katika ile kesi yako, usifukuze kesi, mpeleke mtu mwenyewe mbele za Bwana. Na kama alikukosea kweli mbele ya watu, mchana ukiwa umetulia mwendee kulingana na Mathayo 18:15, wewe na yeye peke yenu. Kumwombea hakuondoi haki yako ya kusema.

Na huyu wa Kitengela, acha kuingia kwa ukurasa wake, hilo ni amri, halina hekima nyingine. Kisha mshukuru Mungu kwa ajili yake kwa sauti. Paulo aliandika Wafilipi 4 akiwa kifungoni, akasema kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, ndipo akasema amani ya Mungu itahifadhi mioyo yenu na nia zenu katika Kristo Yesu. Watu wengi wanataka ile amani ya mstari wa 7 na wameruka kushukuru kwa mstari wa 6.

Mama_Umoja:

Wamesema yote mimi niongeze tu ya saa tisa usiku manake hiyo nimeishi nayo tangu nipate watoto. Simu ya intaneti usiku naizima na iko juu ya kabati, lazima nipande stuli kuifikia. Laini ya familia iko kwa kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, hiyo inakaa karibu na kitanda, kukiwa na shida nyumbani watanipata, na kabambe haina video. Kwa bedsita hiyo ya kabati inatosha.

Alafu nikiamka siulizi ni saa ngapi. Ukishajua ni saa tisa na ishirini unaanza kuhesabu masaa yamebaki na umeisha. Nasema Zaburi 4:8, "Katika amani nitajilaza, na kupata usingizi mara, maana Wewe, Bwana, peke yako, ndiwe unijaliaye kukaa salama." Usingizi ukikataa naombea watu wako macho saa hiyo, soja wa geti letu, manesi wa shifti ya usiku, wale wamama wanateremka Marikiti kununua mboga kukiwa bado giza, mtoto wa jirani mwenye pumu. Kuna siku nalala katikati ya soja na manesi. Kuna siku silali na asubuhi nachoka, na kazi inafanyika tu. Hiyo siku pia usijipige.

Na chai ya rangi ya saa tatu usiku iache, nasema kama mama.

Konda_wa_Neema:

Mzee hapo kwa kukaa na hasira peke yako umenigusa. Sisi makonda wachache hukutana stejini Alhamisi kabla gari zianze, tunaomba tu haraka, hatujawahi ambiana ukweli hivyo. Nitawauliza.

Dada_Zimma:

Jana nimeongea na mama mmoja wa kwaya, tumekubaliana Jumatano jioni baada ya kazi, nimemwambia tu "kuna vitu nataka kukuambia" na akasema hata yeye ako navyo. Ukurasa wa Kitengela nimetoka. Maombi ya jana tusi liliingia, nikaendelea na neno lililofuata vile Nesi alisema, mikono ilikua inatetemeka lakini nikafika amina bila kurudi nyuma.

Mzee, jina la mkubwa wangu nililitaja. Nilisema jina tu nikakwama, sikupata kingine cha kusema.

Mzee_wa_Kabete:

Jina latosha kwa sasa. Kesho litaje tena. Ukipata nguvu uongeze mke wake na watoto, na kama huwajui majina, sema tu "na watu wa nyumba yake".